Siku Yangu Mlimani Olorgesailie

Saa kumi alfajiri. Kazi yangu ni kuongoza wapandaji milima, na leo tunashuka Bonde la Ufa. Kila mtu atabeba lita nne za maji. Mimi nabeba sita; zile mbili za ziada zina mwenyewe, ila bado hajajulikana. Lita moja naichanganya nyumbani kabisa: vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.

Saa kumi na moja. Matatu tuliyokodi inangoja mjini Nairobi. Nakagua mikoba mmoja baada ya mwingine, na mwenye chupa moja mkononi namrudisha dukani. Anune tu. Wengi wamezoea Ngong, ambako upepo unakupoza. Tunakokwenda hakuna upepo wa kukuhurumia.

Saa kumi na mbili na nusu. Rongai, Kiserian, kisha Kona Baridi, na barabara inaanza kuteremka. Milima ya Ngong imezuia mvua ibaki upande wa Nairobi, kwa hiyo kijani kinatuaga mapema na migunga inashika zamu. Majaketi yanavuliwa.

Saa moja na nusu. Tunaanza kupanda. Mzee wa Kimaasai, mwenyeji wetu, yuko mbele. Mimi nafunga msafara. Mlima huu ni volkano iliyozimika zamani, una mita 1,760 hivi, na karibu njia nzima haina kivuli. Nawakumbusha: mafunda machache kila robo saa, usingoje kiu.

Saa nne kasoro. Dada mmoja amebaki nyuma. "Niko sawa," ananiambia, lakini midomo imepauka na kola ya shati ina mstari mweupe wa chumvi ya jasho. Namshika mkono: ngozi ni ya baridi, imelowa. Msuli wa paja umekaza hata kukunja goti hawezi. Nanyanyua mkoba wake nahisi uzito. Maji yote yamo.

"Mbona hukunywa?"

Ananong'ona. Aliogopa kubanwa na haja mahali pasipo kichaka cha kujificha, na wanaume wamejaa mbele na nyuma.

Hili linaniuma kila ninapolikuta, na nalikuta mara nyingi mno. Mwanamke anajinyima maji juani kwa sababu ya aibu ambayo viongozi wa msafara tungeweza kuiondoa kwa dakika tano tu. Namlaza chini ya jabali, miguu juu ya mkoba, natia maji shingoni, namnywesha ule mchanganyiko kidogo kidogo. Natundika leso zangu mbili kati ya miti, apate pa kujisitiri. Namwomba mzee awapandishe wengine, nao wanaondoka bila kugeuka nyuma.

Baada ya kama nusu saa uso umerudiwa na rangi. Anataka kilele. Namkatalia, kwa upole lakini namkatalia: ukishalegea hivi, jua la saa sita linakumaliza. Tunashuka wawili, polepole.

Saa nane. Wengine wamefika chini wakiwa wamechoka, wazima. Sasa ndiyo nafasi ya kuzunguka makumbusho ya Olorgesailie. Hapa wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940, na mashoka ya mawe ya watu wa kale yangali yametapakaa ardhini palepale yalipokutwa. Udongo mweupe unaoonekana kando ni mabaki ya vijimea vidogo vya ziwa lililokauka. Dada yule anauliza maswali kuliko wote, chupa mkononi.

Saa kumi na mbili jioni. Foleni ya Rongai, kama kawaida.

Saa mbili usiku. Naandika ujumbe wa safari ijayo: maji lita nne, kofia, leso au shuka jepesi. Chini yake naongeza mstari mpya: tutasimama kujisaidia kila baada ya saa moja, wanawake kwanza, na hakuna atakayeharakishwa.