Kila mradi na jina lake kwenye laptopu moja

Nilitaka tovuti ya duka la Gikomba na ya sacco ya matatu zifunguke kwa majina yao kwenye laptopu yangu. Niliandika duka.dev na sacco.dev katika /etc/hosts (faili la laptopu linalounganisha jina na anwani), nikaiwekea kila moja VirtualHost (mpangilio wa tovuti moja) ya Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti, lakini Chrome iling'ang'ania https (muunganisho uliosimbwa, ambao sikuwa nimeuweka) na kugoma kufungua. Kufuta kache hakukusaidia.

Dawa ilikuwa kubadilisha mwisho wa jina. Tangu 2017 Chrome hulazimisha https kwa kila jina la .dev; .test imetengwa kwa majaribio. Nikaandika katika /etc/hosts (127.0.0.1 ni laptopu yenyewe):

127.0.0.1 duka.test sacco.test

Kisha nikarekebisha kila ServerName (jina la tovuti ndani ya VirtualHost) ifanane herufi kwa herufi (isipofanana, Apache hukuletea mradi ulioandikwa kwanza, na hapo utachanganyikiwa kweli), nikawasha Apache upya. Zote mbili zinafunguka, hata intaneti ikikatika.