Kisu cha Kadutu

Juzi nilipita karibu na gereji moja kule Essence, hapa Bukavu, nikakuta wanachoma mafuta machakavu ya injini. Harufu ile ikanisimamisha. Nikajiona niko tena Kadutu kwa yule mzee mhunzi, siku ya kujaribu kisu changu.

Kisu mnakijua, kile cheusi ambacho kila mgeni wangu hukiulizia. Ni chuma cha resoro la kamyo, yaani springi ya lori. Mzee alikifua, akakiwasha hadi kikawa chekundu, akakizamisha kwenye mafuta, kisha akakirudisha kwenye joto dogo, maana kikiachwa hivyo huvunjika kama glasi.

Nilikuwa nimebeba nyanya. Akazisogeza kando. "Nyanya inakatwa na kisu chochote kilichonolewa leo, mama. Chukua shu, hiyo kabichi."

Mpini ulikuwa bado mti mtupu. Nikashika kama nishikavyo siku zote, gumba na kidole cha shahada vikibana bamba mbele ya mpini. Shu ikaisha, akaniletea vitunguu, kisha muhogo mbichi. Mboga hakuzitazama, alitazama bega langu na kiwiko. Kwenye muhogo tu ndipo aliinama. Kisu kinene huupasua kabla makali hayajafika chini. Wangu ulikatika laini hadi ubaoni, na vidole vyangu havikugonga ubao.

Nikamwambia, "Papa, hiki kinanifaa."

"Bado hujajua. Lete mkono."

Akakifungua kiganja changu, akakigeuzia mwanga wa mlangoni. Kwenye shina la kidole cha shahada palikuwa na mstari mwekundu. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Mzee aliutazama ule mstari kwa muda mrefu, akaupimia kwenye mgongo wa kisu, akachukua jiwe na kuisugua ile kona mpaka ikawa duara. Halafu akapunguza tumbo la mpini kwa tupa, kidogo sana, vumbi la mti likimwangukia magotini. "Kata tena." Nikakata shu nyingine nzima. Akaomba mkono tena. Mstari haukuwepo. Hapo ndipo alipotaja bei.

Nikalipa, mvua ikaanza, nikarudi Ibanda. Tangu hapo nakifuta kila nikimaliza, hasa baada ya ndimu, kwa sababu chuma hicho hupata kutu upesi.

Lakini siku hizi asubuhi za baridi viungo vya vidole vyangu vinavimba, na nikipikia watu wengi mpini ule naona umekuwa mwembamba. Makali ni yale yale. Mzee ameshaacha nyundo. Nimeambiwa kijana aliyekuwa akimvutia mvukuto bado anafanya kazi hapo Kadutu, na nataka anitengenezee mpini mnene zaidi, ingawa naogopa uzito ukirudi nyuma nitakuwa na kisu kingine kabisa. Jumamosi nitakwenda, na shu yangu mkononi.