Jana nilikuwa 999

Jana nililala saa nane za usiku kwa ajili ya roboti mmoja.

Gemu yenyewe ni Paradroid, ya mwaka 1985. Aliitunga Mwingereza Andrew Braybrook kwa ajili ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu yangu haienei humo.

Umo ndani ya chombo cha anga ambacho roboti wake wameasi. Unawatazama kutoka juu, na kila mmoja ni duara lenye tarakimu tatu, basi. 123 huzoa taka. 999 ndiye kamanda. Wewe ni 001, mnyonge kuliko wote, ila una uwezo wa kuingia mwilini mwa mwenzio. Ukimgusa huku umebana kitufe, mnaanza pambano la nyaya: yeye upande huu, wewe upande ule, kila mtu anapeleka umeme kwenye safu ya taa 12 zilizo katikati. Waya mwingine unakatikia njiani, mwingine unagawanyika mara mbili. Muda ukiisha, mwenye taa nyingi ameshinda.

Ukishinda, mwili ni wako, lakini kwa muda. Na namba ikiwa kubwa, mwili unakutema upesi zaidi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na sijui kama Braybrook aliwahi kuusikia msemo huo, lakini gemu nzima ameijenga juu yake.

Jana nilimpata 999 kwa taa saba kwa tano. Nilipiga ukelele peke yangu chumbani kama mwehu. Nikapita sitahani nikifyatua, hakuna aliyebaki mbele yangu, na katika utamu ule sikukumbuka kutafuta mwili wa kuhamia. Ghafla nikawa 001 tena, mbele ya roboti wa mia saba na kitu. Sikumaliza hata kugeuka.

Cha ajabu, nikiwa na namba za mia nne hivi nacheza vizuri zaidi. Najua nitatolewa, kwa hiyo jicho moja huwa kwa anayefuata.

Braybrook alipokuwa akiitengeneza aliandika shajara, ikachapwa katika jarida la Zzap!64. Labda ndiyo maana nami nimeshika kalamu.

Sitaha ikiisha roboti, taa zake huzimika, pakawa kijivu. Mimi nimezima tatu. Leo naanza na mzoa taka.