Usiku wa Zamalek

Baba Mkubwa hakuzoea kusema Simba. Kwake timu ilibaki Sunderland, jina lililoachwa mwaka 1971, na mtoto yeyote wa nyumba ile aliyemwuliza Sunderland ndiyo ipi aliambiwa akae chini. Hapo angeanza na 1936, mwaka mmoja baada ya Yanga kuzaliwa. Angesema timu iliitwa Queens, ikaitwa Eagles, ndipo ikawa Sunderland. Angefika ubingwa wa taifa wa 1965. Angemtaja Abdallah Kibadeni na mabao yake matatu kwenye zile sita walizopigwa Yanga mwaka 1977, na hapo sauti ilipanda kidogo, maana jirani yetu fundi cherehani alikuwa Yanga na baraza lake halikuwa mbali.

Mwaka 1974 aliupitia haraka. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipojua kwa nini.

Tulikuwa tunaishi Mji Mpya, Morogoro. Mwaka ule, 2003, Simba ilipangiwa Zamalek ya Misri kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, na Zamalek ndio waliokuwa wameshika kombe. Mshindi anaingia makundi. Watu wazima walizungumza habari hiyo kama wanavyozungumza habari ya mgonjwa aliyelazwa: kwa matumaini, lakini kwa sauti ya chini. Mechi ya kwanza Dar es Salaam tukashinda 1-0, bao la Emmanuel Gabriel. Shuleni tulirukaruka. Baba Mkubwa alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema, "Moja bila. Kama ile." Hakuongeza neno.

Ile gani? Nilimwuliza Mama Mkubwa jikoni. Yeye ndiye aliyenieleza, huku anachambua mchele. Mwaka 1974 Baba Mkubwa alikuwa kijana, anafanya kazi reli pale Dar. Simba ilikuwa imemtoa Hearts of Oak ya Ghana, ikaingia nusu fainali ya klabu bingwa Afrika, ikakutana na Mehalla, Wamisri hao hao. Dar ikashinda moja bila. Kule kwao ikafungwa moja bila. Ikapigwa penalti, Simba ikatoka. "Mzee wako alikaa siku mbili hali chakula," alisema. "Halafu mwaka 93 akapanda basi kwenda kuiona ile fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Ivory Coast. Ulikuwa mchanga wewe. Kule Abidjan walitoka sare bila kufungana, kila mtu akajua kombe limeshakuja nyumbani. Wakafungwa mbili bila hapo hapo Taifa. Tangu siku hiyo hajakanyaga uwanjani."

Kwa hiyo usiku wa mechi ya marudiano, Cairo, mimi peke yangu kati ya watoto ndiye niliyejua kinachomsumbua.

Redio yetu ilikuwa inakoroma. Redio nzuri ilikuwa kwa fundi cherehani, kubwa ya spika mbili, ameiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya chaki na mabaki ya sare za shule. Baraza lilijaa, wa Simba upande mmoja, wa Yanga upande mwingine, na wa Yanga usiku ule wote walikuwa wamehamia Misri. Ndivyo utani wetu ulivyo. Fundi mwenyewe alijifunga kitambaa cheupe kichwani, akasema yeye sasa ni Mwarabu wa Cairo na asiguswe.

Baba Mkubwa hakuja. Alikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini wetu, kama hatua sitini kutoka pale, tasbihi mkononi. Aliniita kabla mpira haujaanza.

"Wewe una mbio. Utakuwa unaniletea."

"Si uje tu usikilize, Baba?"

"Nitasikilizia kwako."

Basi nikawa mbeba habari. Kipindi cha kwanza nilikwenda na kurudi mara nyingi bila cha maana: wanashambulia wao, kona yao, Kaseja kadaka. Juma Kaseja alikuwa kijana mdogo langoni, na wakubwa walisema amepata bahati ya kufundishwa na mwalimu anayejua kazi ile, James Siang'a, Mkenya aliyekuwa golikipa mwenyewe enzi zake. Mtangazaji alirudia majina ya walinzi mpaka yakawa kama wimbo: Pawasa, Costa, Wasso. Kila jina likitajwa maana yake mpira uko kwetu tena.

Zamalek wakafunga. Nilitembea kwenda kwenye mwarobaini, sikukimbia. Baba Mkubwa alinitazama miguu, akajua.

"Moja?"

"Moja."

Akasogeza punje moja ya tasbihi.

Dakika zilizobaki sikuondoka redioni, niliogopa nikiondoka litaingia la pili. Kelele za uwanja wa Cairo zilikuja kama mvua inayonyesha juu ya bati, huwezi kumsikia mtangazaji mpaka zitulie. Halafu filimbi. Moja bila kule, moja bila huku. Penalti.

Pale barazani hata wa Yanga walinyamaza. Nikakimbia.

"Penalti, Baba."

Aliinuka. Nilidhani anakuja. Akageuka, akaupa uso mti, mkono mmoja ameegemeza kwenye gome, kama mtu anayejisikia kizunguzungu. Sikuwahi kumwona hivyo, yeye aliyebeba magunia ya mahindi mpaka uzeeni. Ndipo nilipoelewa kwamba kwake miaka ishirini na tisa haikuwa imepita. Alikuwa bado pale pale, 1974, anasubiri mkwaju wa mwisho.

"Nenda," alisema. "Nambie idadi tu. Usiniambie majina."

Hapa ndipo kazi iliponishinda. Penalti haimsubiri mtoto. Nilisikia mmoja, nikakimbia hatua sitini, nikasema, nikarudi hatua sitini, nikakuta mwingine umeshapigwa na watu wamekwisha kushangilia au kushika vichwa. Kandambili ikakatika njiani, nikaitupa, nikakimbia na moja, kisha nikatupa na ya pili. Habari niliyompelekea ilikuwa imechacha tayari. Mara moja nilifika nikiwa na furaha, Kaseja kapangua, na kumbe nyuma yangu barazani walikuwa kimya. Nilishika idadi kwa vidole, vidole vya kulia vya Simba, vya kushoto vya Zamalek, nikikimbia nimeinua mikono yote miwili.

Mbili kwa mbili. Hiyo ndiyo habari ya mwisho niliyompelekea. Hakujibu. Nilikuwa nimegeuka kurudi, niko katikati kabisa ya njia, karibu na jalala, ndipo baraza la fundi lilipolipuka.

Sikujua ni nani anayepiga kelele. Hilo ndilo lililonisimamisha. Baraza lile lilikuwa na watu wa pande mbili, na kelele ni kelele. Nilisimama gizani peku, nina baba nyuma na redio mbele, na kwa muda ule mfupi Simba ilikuwa imetolewa na pia imeshinda. Halafu nikaona mtu amembeba mwenzake mabegani, na yule wa juu amevaa nyekundu ya Simba.

Christopher Alex ndiye aliyepiga ule wa mwisho. Tatu kwa mbili. Bingwa wa Afrika kavuliwa ubingwa nyumbani kwake. Tangu usiku ule Simba imefanya makubwa: robo fainali za Ligi ya Mabingwa 2019, 2021, 2023 na 2024, kisha fainali ya Kombe la Shirikisho 2025 na RS Berkane. Nimekuwapo uwanjani kwenye baadhi ya siku hizo na nimelia kwa furaha. Bado naweka Cairo juu ya zote, na sidhani ni kwa sababu nilikuwa mtoto. Timu ile ilikwenda ikakuta jaribio lile lile, tarakimu zile zile, nchi ile ile, ikalijibu. Alex alifariki 2015, Dodoma. Siku ile nilifunga ofisi mapema, nikakaa ndani ya gari nikaikumbuka njia ile ya hatua sitini.

Nilifika kwenye mwarobaini nikiwa sina pumzi.

"Tumeshinda, Baba. Tatu mbili."

Hakugeuka. "Rudi ukaulize tena."

"Tumeshinda, nimewaona wanashangilia!"

"Mwaka 93 pia watu walishangilia. Nenda kaulize."

Nikarudi. Barazani ilikuwa vurugu, watu wanagonga debe, kila niliyemwuliza alinikumbatia badala ya kunijibu. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa amekaa, anakifungua taratibu kile kitambaa cheupe kichwani. Nikamweleza kwamba mzee haamini. Aliniangalia, akazima taa ya cherehani, akanishika mkono.

Tulikwenda pamoja mpaka chini ya mti. Fundi akasimama mbali kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuhani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mtoto hasemi uongo. Mmewatoa. Nimesikia kwa masikio yangu, na mimi unanijua, nisingekuja kukwambia kama si kweli."

Baba Mkubwa akageuka. Uso ulikuwa umelowa na hakujaribu kuufuta. Akamtazama mtani wake kwa muda, kisha akaniuliza mimi, "Nani kapiga?"

"Christopher Alex."

"Christopher Alex," akarudia polepole, kama anayejifunza jina la mjukuu aliyezaliwa leo. Akakaa kwenye benchi, akasogea mpaka mwisho, akampigia fundi mbao kwa kiganja, hapo pembeni yake, akae.