Nilivyomweleza nahodha kinu cha nyuklia kinavyovunjwa

Tangu Uyombo, kijiji cha hapa kaunti ya Kilifi, itajwe kuwa huenda ikajengwa kinu cha nyuklia, baraza letu hapa Malindi halina mazungumzo mengine. Mimi nasomesha fizikia, basi maswali yote naletewa mimi. Lililonishinda ni la nahodha mmoja mstaafu, baada ya swala ya alasiri: "Mwalimu, hicho kinu kikizeeka mwakifanyani?"

Siku ya kwanza nilimjibu kwa lugha ya darasani. Akaninyamazia kwa adabu; afadhali angenibishia.

Nikaenda kusoma, nikarudi na jahazi. Nikamwambia: jahazi likichoka mwalivuta pwani, mwang'oa misumari, mbao nzima zatumika tena. Kinu nacho ni hivyo hivyo, ila kwanza hutolewa fueli ya urani, ndiyo yenye mionzi karibu yote. Mabomba huoshwa kwa kemikali. Zege hukwanguliwa ngozi ya juu, kwani uchafu mwingi haupenyi ndani sana. Wengine hufunga milango wakasubiri, maana kobalti 60, chembe zenye mionzi zilizo ndani ya chuma, hupungua nusu kila miaka 5 na kitu. Sesiamu 137, nayo ya mionzi, yataka 30.

"Na mbao mbovu?"

Hapo nilimtajia Maine Yankee, stesheni ya nyuklia ya Marekani. Ilifungwa 1997, ikamalizwa kuvunjwa 2005, lakini fueli iliyotumika ingali palepale, imefungiwa kwenye makasha ya chuma na zege.

Akauliza mlipaji ni nani. Lithuania ilizima vinu vyake 2 vya Ignalina, 2004 na 2009, ndiyo sharti la kuingia Umoja wa Ulaya. Mzigo uliizidi, na sehemu kubwa yalipwa na Umoja huo. Kifuniko kilichosukumwa 2016 juu ya kinu cha Chernobyl, Ukraine, kilicholipuka 1986, kilichangiwa na nchi zaidi ya 40. Tena upo mkataba wa 1997 ambao wanachama wake hukutana Vienna kila baada ya miaka 3, wakaulizana habari za taka zao za nyuklia.

"Kumbe nao wana baraza," akasema. "Lakini Lithuania ina jirani tajiri. Sisi je?"

Nikamwambia ninavyoona mimi: fedha za kuvunja zitengwe tangu umeme wa kwanza kuuzwa.

"Yaani kinunuliwe sanda siku ya akika."

Kesho yake nilimkuta soko la samaki akiwaeleza wenziwe habari za mbao mbovu. Maine ameshaifanya Mani. Sikumsahihisha.