Saba na nane kwa kete za mjomba

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu za mahesabu ya maduka, kwa hiyo mtu akiniambia nijumlishe saba na nane naona kama ananidharau. Ndivyo nilivyomwona rafiki yangu aliponiletea fumbo lake: andika programu ipokee tarakimu mbili kutoka kwenye kibodi, izijumlishe, ichape jibu. Dau ni sahani ya biriani siku ya Ijumaa. Sharti ni moja tu, iandikwe kwa lugha ya programu iitwayo Brainfuck. Jina hilo kwa Kiingereza ni tusi, na nyumbani kwetu kuna wazee, kwa hiyo kuanzia hapa naiita BF.

BF ilitungwa mwaka 1993 na Urban Müller wa Uswisi, aliyekuwa anatafuta kompaila, yaani programu ya kugeuza msimbo uwe amri za mashine, iliyo ndogo kupita kiasi kwa kompyuta yake ya Amiga. Ya kwanza ilikuwa baiti 296, ya pili 240. Hiyo ya pili haijazi hata SMS mbili. Lugha yenyewe ina alama nane tu. Unapewa mstari wa mashimo 30,000, yote matupu, na kidole kimoja. Alama ya > inasogeza kidole kulia, < inakirudisha kushoto, + inatia kimoja kwenye shimo, - inatoa kimoja. Mkato unapokea herufi moja kutoka kwenye kibodi, nukta inachapa. Mabano [ na ] ni mzunguko: rudia yaliyomo ndani mpaka kidole kikute shimo tupu. Basi. Hakuna amri ya kujumlisha, hakuna namba kumi, na kibaya zaidi, hakuna "kama".

Jaribio la kwanza liliniongezea kiburi, kwa kuwa kujumlisha ni rahisi. Unahamisha kimoja kimoja kutoka shimo la pili kwenda la kwanza: ,>,[<+>-]<. na kazi imekwisha. Nikabonyeza 7, nikabonyeza 8. Ikanijibu: o.

Herufi o! Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba kompyuta haipokei saba, inapokea alama ya saba, ambayo kwenye jedwali la ASCII, lile linaloipa kila herufi namba yake, ni 55. Nane ni 56. Jumla 111, nayo 111 ndiyo herufi o. Nikapunguza 48, ambayo ni alama ya sifuri, yaani sita mara nane kwa mzunguko mwingine, nikajaribu 3 na 4. Ikatoka 7. Nikamwandikia rafiki yangu aanze kuosha mchele. Kwa uungwana nikarudia 7 na 8 kabla sijalala. Safari hii ikajibu: ?

Sijui kama nimewahi kudhihakiwa na mashine vizuri kuliko siku ile. Lakini haikukosea: 111 ukitoa 48 inabaki 63, na 63 ni alama ya kuuliza. Tisa na tisa ikanipa B. Jumla ikifika kumi inahitaji tarakimu mbili, na mimi nilikuwa na nafasi ya moja.

Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Kwa lugha ninayoitumia kazini ningesema "kama jumla imefika kumi, chapa moja, toa kumi". BF haina "kama". Nilihangaika usiku wa siku tatu. Mara moja programu iligoma kabisa, ikawa inangoja tu mpaka nibonyeze tarakimu ya tatu. Kosa lilikuwa kwenye maelezo yangu mwenyewe. BF inapuuza kila kitu kisicho katika zile alama nane, kwa hiyo unaweza kuandika maelezo popote, na mimi nilikuwa nimeandika: "hapa tunajumlisha, kisha tunapunguza". Ule mkato ni amri. Umekaa pale unadai herufi yake.

Nikakuta mstari mmoja ambao wapenzi wa lugha hii wanaujua siku nyingi, wa kugawanya namba na kupata mabaki:

[->-[>+>>]>[+[-<+>]>+>>]<<<<<]

Niliunakili, ukafanya kazi. Lakini sikuelewa hata kidogo umefanyaje, na biriani ya kuiba haishuki. Niliutazama mpaka mabano yakaanza kucheza.

Alasiri ile mjomba alikuwa kalala, na bao lake lipo barazani. Bao la kiswahili lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, zake ni za komwe, zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Nikaliangalia kwa muda. Mashimo. Kete. Na mkono unaokwenda shimo hadi shimo. Nikachukua mstari mmoja, nikatia kete kumi na tano kwenye shimo la kwanza na kumi kwenye la pili, nikaweka kidole cha shahada, nikaanza kusoma msimbo kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma uradi.

Toa moja shimo la kwanza. Nenda la pili, toa moja. Zimebaki tisa, kwa hiyo mabano yanafunguka: tia moja shimo la tatu, kimbia mpaka la tano. La tano tupu, mzunguko unakoma. Sogea la sita. Nalo tupu, mabano yanayofuata yanarukwa. Rudi nyuma hatua tano, upo mwanzo.

Nikaenda hivyo mara tisa. Mara ya kumi shimo la pili likaisha. Sasa mabano ya kwanza ndiyo yanarukwa, kidole kinasogea shimo moja tu, la tatu, na humo mna kete tisa. Ongeza moja zitimie kumi, zirudishe zote shimo la pili, kisha nenda la nne utie kete moja. Hiyo ndiyo kumi yenyewe! Halafu hatua mbili mbele, upo la sita.

Nikasimamisha kidole pale pale. La sita tena. Njia mbili tofauti kabisa, moja ya shimo lenye kete na moja ya shimo tupu, na zote zinaangukia shimo la sita, ndiyo maana hatua tano za kurudi zinatosha kwa zote mbili. Majaribio yangu yote yalikuwa yanafia hapo: kila nilipotengeneza njia mbili, kidole kiliishia mahali pawili na sikujua tena nilipo. Na kwenye bao nimeujua mwendo huu tangu utotoni. Kete ya mwisho ikikuta shimo lenye kete unaendelea, ikikuta tupu umelala. Huulizi "kama". Shimo ndilo linaloamua.

Nikamaliza zile tano zilizobaki. Shimo la kwanza tupu, la tatu kete tano, la nne kete moja. Moja, tano.

"We mtoto," mjomba alikuwa mlangoni, kanzu begani, "hilo bao gani la mtu mmoja?"

"Shikamoo mjomba. Najumlisha saba na nane."

"Marahaba." Akaangalia kete, akaniangalia mimi. "Na shahada yako ya chuo kikuu?"

Sikuwa na jibu. Iliyobaki ilikuwa kazi ya mkono: la nne likiwa na kitu litiwe 48, lichapwe, lifutwe; kisha la tatu litiwe 48, lichapwe, hata likiwa tupu. La nne likiwa tupu halichapwi, ndiyo maana 3 na 4 inatoa 7 bila sifuri mbele. Nikajaribu 0 na 0, 5 na 5, 9 na 9. Sifuri, kumi, kumi na nane. Nikahesabu alama: 128. Nilipopitia tena nikaona mahali nimeandika <> yaani nenda kushoto, rudi kulia, safari ya bure. Nikazifuta, zikabaki 126.

Jioni wachezaji walipokuja, mjomba akahesabu kete zake akapata sitini na tatu. Bao likasimama, wazee wanne wakaniangalia mimi. Nilikuwa nayo mfukoni mwa shati.