Using'oe Mzizi: Nilivyopata Pasimoni Louisville

Wengi wanaokushauri kung'oa mti uliopigwa na baridi hawajawahi kubebesha hata mche mmoja, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Nasema hivyo kwa sababu mpasimoni ninaokula matunda yake hapa Louisville, Kentucky, ni ule ule ambao kila aliyepita uani kwangu aliniambia niutupe.

Kwa wasiolijua, pasimoni ni tunda la rangi ya chungwa, umbo lake kama nyanya. Lipo la Asia, ambalo wenzetu wa Kongo wanalijua kwa jina la kaki, na lipo la hapa hapa Marekani, dogo zaidi, linaloota lenyewe porini kuanzia Connecticut hadi Florida na Texas. Kwa mtu wa nchi ya baridi, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Mti wa Asia ukikutana na nyuzi 15 hadi 18 chini ya sifuri unaumia au unakufa kabisa. Wa Marekani unavumilia hata nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha unachipua.

Muuzaji wa miche hakuniambia hayo. Aliniuzia Fuyu, aina ya Asia inayoliwa ikiwa bado ngumu, kwa dola hamsini na kitu, akanihakikishia kwamba Kentucky itaimudu bila shida. Niliupanda majira ya kuchipua, maana mche wa pasimoni unahitaji kiangazi kizima kushika ardhi kabla ya baridi ya kwanza. Mizizi yake ni myeusi tii, usidhani imeoza, na mzizi mkuu unashuka chini sana, kwa hiyo shimo liwe refu kuliko pana. Samadi shimoni usitie. Ukiushibisha mbolea unarefuka tu na kuangusha matunda machanga.

Mti ulikua vizuri mpaka Desemba 2022, ile dhoruba ya kabla ya Krismasi. Mchana joto lilikuwa juu ya sifuri, kufika asubuhi liko chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Masika yake nikakwangua ganda kwa ukucha: kahawia tupu, kuanzia ncha za matawi hadi karibu na ardhi. Mama mmoja jirani, mtu wa Uvira, Kongo, akasimama kwenye uzio akasema, "Ndugu yangu, huo mti umekufa. Ng'oa upande lengalenga," yaani mchicha. Nikamjibu, "Mama, nipe mpaka Juni." Mipasimoni huchelewa kutoa majani kuliko miti mingi, na anayeikata Aprili kwa kuona imekauka huenda anaua mti mzima wenye afya.

Wangu kweli ulikuwa umekufa, lakini juu tu. Nimekulia Lushoto, kwa watu wanaobebesha plamsi na pichesi, na nilijua jambo ambalo washauri wangu hawakulijua: Fuyu haikuwa imesimama juu ya mizizi yake. Ilikuwa imebebeshwa juu ya shina la pasimoni ya pori ya Marekani, na shina lile baridi ile haikuligusa. Chini ya kovu la kubebeshea likatoka chipukizi jekundujekundu. Mzizi wa miaka ulikuwa na kazi moja tu, kulisha chipukizi hilo, na kufika vuli lilikuwa limenipita urefu. Mche mpya wa dukani haukui hivyo.

Februari iliyofuata nikaagiza vikonyo, yaani vijiti vya kubebeshea, kwa mkulima mmoja, dola tano au sita kila kimoja. Nilichagua Prok, aina ya Marekani yenye matunda makubwa kiasi, na Nikita's Gift, chotara wa Marekani na Asia aliyetoka bustani ya mimea ya Nikitsky kule Yalta, Crimea. Nikavifunga kwa gazeti lenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye friji. Friji hiyo isiwe na matofaa, kwani hewa inayotoka kwenye matofaa huua macho ya vikonyo, pale machipukizi yanapotokea.

Hapo ushauri mbovu ukarudi: bebesha Machi, kama tofaa. Hapana! Tofaa linakubali Machi, pasimoni inakataa. Nilingoja hadi Mei, shina likiwa na majani yaliyokunjuka na ganda linabanduka kwa urahisi. Nikalikata shina kwa msumeno, nikapasua ganda kwa wima, nikachonga kikonyo upande mmoja mteremko mrefu laini, nikakisukuma katikati ya ganda na mti mpaka kikabana. Prok upande huu, Nikita's Gift upande wa pili. Nikafunga kwa utepe wa mpira, nikaziba kila mwanya kwa nta, na ncha za vikonyo pia, maana kikonyo kikikauka hakifufuki. Kila chipukizi lililojitokeza chini nililiondoa kwa kidole likiwa bado dogo. Wiki kadhaa baadaye macho yakapasuka yote mawili, na nilimwita Mama wa Uvira aje aone. Nikafunga fito mbili, kwa sababu tawi jipya la pasimoni hung'oka kirahisi kwenye dhoruba za ngurumo za kiangazi cha hapa.

Kabla ya baridi napaka shina rangi nyeupe ya maji, isije jua la Januari likapasua ganda lililoganda, na nazungushia waya wa matundu madogo kuzuia sungura. Prok imeshaanza kuzaa. Ukiambiwa tunda hilo lazima lipigwe na barafu ndipo liive, usiamini. Prok huiva kabla barafu haijafika. Bonyeza: likiwa gumu litakukausha mdomo, likilegea kama linataka kupasuka mkononi, kula.

Februari nitakata vikonyo vya Prok vya kugawa. Aliye karibu aje na gazeti na mfuko, na kama una mpasimoni uliokufa juu, njoo kwanza tukwangue ganda kabla hujashika jembe.